Kiwanda cha chipu Korea kinavyopanga bei ya simu ya mkulima

HIVI karibuni nilikaa na wanakikundi wa kilimo cha vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Ajenda ilikuwa hesabu za msimu, lakini mazungumzo yalikwama kwenye jambo moja ambalo halikuwamo kwenye ajenda: simu ya katibu.

Simu hiyo ilitumbukia kwenye mfereji wa kumwagilia, na kwa kweli ndiyo iliyokuwa ofisi ya kikundi. Humo mlikuwa na majina ya waliokopa mbolea, picha za risiti, namba za madalali wa Dar es Salaam na laini ya kupokelea malipo. Kikundi kilikuwa kimetenga Sh 280,000 kununua nyingine ya aina ileile, kwa kuwa hiyo ndiyo bei waliyonunulia ya kwanza. Katibu alipofika dukani aliambiwa Sh 350,000. Alipouliza kulikoni, muuzaji alimjibu kwa mkato: "Mzigo umepanda, mama. Wanasema kumbukumbu zote zimekwenda kwenye akili mnemba."

Basi katibu akanigeukia mbele ya wenzake. "Wewe ndiye mchumi, hebu tuambie. Hiyo akili mnemba imekula nini kwenye simu yangu?"

Watu walicheka, lakini swali lilikuwa zito kuliko kicheko chake. Siku ile nilijibu kwa kifupi. Leo naomba nijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu lake linamgusa kila mkulima anayepokea malipo kwa simu na kila mfanyabiashara mdogo anayeuza simu, vifaa vyake au vocha. Tena ndani ya jibu hilo mna mafunzo ya soko ambayo sisi watu wa vitunguu na mahindi tunayajua kwa machungu.

Mashine ya kusaga na mlango wa ghala

Ndani ya kila simu na kila kompyuta kuna vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza ni chipu inayopiga hesabu. Cha pili ni chipu za kumbukumbu, ambazo hushika taarifa wakati kazi ikiendelea. Ichukulie ya kwanza kuwa mashine ya kusaga, na ya pili kuwa ghala la mahindi. Mashine hata iwe na nguvu kiasi gani, kama mahindi yanatoka ghalani kupitia mlango mmoja mwembamba, itakaa ikinguruma bure.

Hilo ndilo lililotokea kwenye kompyuta. Kwa miaka mingi wahandisi waliongeza kasi ya mashine kuliko walivyopanua mlango wa ghala. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Marekani, Wulf na McKee, waliandika makala wakionya kwamba siku moja kompyuta zitagonga ukuta kwa sababu hiyo. Waliuita ukuta wa kumbukumbu.

Akili mnemba ndiyo iliyougonga ukuta huo kwa kishindo. Programu kubwa zinazojibu maswali ya watu kwa maandishi zimejengwa kwa mabilioni ya namba. Programu yenye namba bilioni 70, kila namba ikichukua baiti mbili, inahitaji gigabaiti 140 za kumbukumbu kuishika tu. Tena kila inapotoa kipande kimoja cha jibu, namba hizo husomwa upya. Kwa hiyo kinachoamua kasi si nguvu ya mashine peke yake, bali ni upana wa mlango wa ghala.

Suluhisho lililopatikana ni kuacha kutandaza ghala chini na kulijenga ghorofa, karibu kabisa na mashine. Chipu za kumbukumbu hupunguzwa unene, zikapangwa moja juu ya nyingine, nne, nane au 12. Kisha hutobolewa maelfu ya matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, yakajazwa shaba ili taarifa zipande na kushuka kama kwa lifti. Ghorofa zote hizo 12 hazifiki urefu wa milimita moja. Chipu za namna hii kwa kifupi huitwa HBM.

Faida yake ni upana wa njia. Kipande cha kawaida cha kumbukumbu ya kompyuta kina njia 64 za kupitishia taarifa, lakini ghorofa moja ya HBM ilianza na njia 1,024. Toleo jipya, HBM4, ambalo viwango vyake vilitangazwa Aprili 2025, lina njia 2,048. Chipu ya akili mnemba aina ya H200, ambayo kampuni ya Nvidia ya Marekani iliitangaza mwaka 2023, ina gigabaiti 141 za kumbukumbu hizo na inaweza kusoma terabaiti 4.8 kwa sekunde. Kwa lugha nyepesi, huo ni mzigo wa simu 75 zenye ujazo wa gigabaiti 64 kila moja, zikiwa zimejaa, uliosomwa wote ndani ya sekunde moja.

Shamba moja, mazao mawili

Mpaka hapo msomaji anaweza kusema hayo ni mambo ya wakubwa na hayamhusu. Yanamhusu kwa sababu moja ya kiuchumi. Kumbukumbu ya simu ya katibu wetu na kumbukumbu ya ghorofa inayokwenda kwenye akili mnemba hutoka kwenye shamba moja.

Shamba lenyewe ni sahani ya duara ya silikoni, nyembamba na iliyosuguliwa hadi kung'aa. Juu ya sahani hiyo kiwanda huchora chipu, kisha huzikata. Kiwanda kinaweza kuamua sahani hizo zitoe kumbukumbu za simu au za kompyuta ya kawaida, au zitoe HBM. Viwanda haviongezeki kwa msimu mmoja. Kwa hiyo kila sahani inayohamishiwa kwenye zao jipya imeondolewa kwenye zao la zamani.

Kuna jambo la pili lililo baya zaidi kwa mnunuzi wa kawaida. Kampuni ya Micron ya Marekani ilieleza mwaka 2024 kwamba kupata kiasi kilekile cha kumbukumbu kwa njia ya HBM kunahitaji sahani karibu mara tatu ya zile zinazohitajika kwa kumbukumbu ya kawaida. Yaani zao jipya linalipa vizuri, lakini mavuno yake kwa ekari ni theluthi.

Tuweke hesabu ya mfano. Kijiji kina ekari 100, na kila ekari hutoa magunia 10 ya mahindi, jumla magunia 1,000. Anakuja tajiri anayetaka zao la biashara na analipa vizuri. Wanakijiji wanahamisha ekari 30. Mahindi yanabaki magunia 700, ilhali midomo ya kula ni ileile. Katika hali hiyo bei ya mahindi haitapanda kwa kiasi kilekile cha upungufu, bali itapanda zaidi, kwa sababu chakula hakiahirishwi. Mkulima aliyehamisha ekari hana kosa, maana amefuata bei. Lakini mjane anayenunua debe moja moja ndiye anayelipa tofauti.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Oktoba 2025 kampuni ya SK Hynix ya Korea Kusini ilisema kumbukumbu zake za mwaka 2026 zilikuwa zimeshapata wanunuzi. Mwezi huohuo kampuni ya simu ya Xiaomi ya China ilieleza hadharani kuwa gharama ya kumbukumbu inasukuma bei za simu zake. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na biashara yake ya Crucial, jina lililowauzia kumbukumbu watu wa kawaida kwa karibu miaka 30, ili ielekeze nguvu kwa wateja wakubwa.

Anayeumia zaidi ni mnunuzi wa simu ya bei nafuu. Katika simu ya bei mbaya, kumbukumbu ni sehemu ndogo ya gharama zote, na mtengenezaji anaweza kumeza ongezeko kwa faida yake. Katika simu anayonunua mkulima, faida ni nyembamba na kumbukumbu ni fungu kubwa. Mtengenezaji ana njia mbili tu: kupandisha bei, au kuacha bei palepale na kupunguza ujazo. Kwa hiyo ndugu muuzaji wa simu hakumdanganya katibu. Sababu aliyotoa ni ya kweli, ingawa kama kiasi alichoongeza ni cha haki ni jambo jingine, na nitalirudia.

Waliokaribia kufa ndio wanaocheka

Historia ya SK Hynix inafaa kusomwa na kila mkulima wa vitunguu. Kampuni hii ilianza mwaka 1983 ikiwa tawi la Hyundai. Mwaka 2001 bei ya kumbukumbu iliporomoka duniani na kampuni ikazama kwenye madeni, ikabaki mikononi mwa benki zilizoidai. Mwaka 2002 nusura inunuliwe na Micron, lakini bodi yake ikaikataa biashara hiyo. Ilikaa hivyo hadi mwaka 2012 ilipochukuliwa na kundi la SK.

Mwaka 2013 ndipo ilipotoa HBM ya kwanza, ikishirikiana na kampuni ya AMD ya Marekani. Bidhaa ya kwanza iliyoitumia sokoni ilitoka mwaka 2015, nayo ilikuwa kadi ya kompyuta kwa ajili ya wapenzi wa michezo ya video. Soko lilikuwa dogo na bei ilikuwa kubwa. Kwa miaka kadhaa ilionekana ni kazi ngumu isiyo na malipo.

Halafu Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na makampuni makubwa ya Marekani yakaanza kugombea chipu za Nvidia. SK Hynix ilikuwa tayari, kwani mwaka huohuo ilikwishaanza kuiuzia Nvidia toleo la HBM3. Lakini tazama kilichotokea kwanza. Mwaka 2023 bei ya kumbukumbu za kawaida ilianguka vibaya na kampuni ikapata hasara ya uendeshaji ya won trilioni 7.73, karibu dola bilioni 6. Mwaka mmoja baadaye, 2024, ilipata faida ya won trilioni 23.47, zaidi ya dola bilioni 15. Robo ya kwanza ya 2025 ikaipita Samsung kwa mapato ya aina hiyo ya kumbukumbu, jambo ambalo halijapata kutokea. Samsung yenyewe, jitu la siku zote, Oktoba 2024 iliwaomba radhi wawekezaji na wateja kwa matokeo yasiyoridhisha.

Tofauti ilitoka wapi? Sehemu kubwa ni ubora wa kazi ya kupanga ghorofa. Tuseme kila chipu inayopandishwa ina uwezekano wa asilimia 99 wa kukaa sawasawa. Inaonekana ni alama nzuri sana. Lakini zikiwa 12, uwezekano wa ghorofa nzima kuwa salama hushuka hadi karibu asilimia 89. Chipu moja ikiharibika, 11 nzima zinakwenda nayo. Ni kama tenga la nyanya, ambapo iliyooza moja chini haikai peke yake. Anayepunguza uharibifu kidogo katika kila hatua ndiye anayepata faida mwishoni, na mwenye pupa ya kuongeza wingi bila ubora hurudishiwa mzigo.

Hapa naomba tusidanganyane. Wapo watakaosema funzo ni "usikate tamaa, mwaka mbaya hufuatwa na mzuri". Hilo ni nusu ya ukweli. Hynix iliweza kuvuka mwaka 2001 na mwaka 2023 kwa sababu ilikuwa na wadai waliokubali kusubiri na mmiliki mwenye mfuko mrefu. Mkulima mwenye mkopo wa mbolea hana mtu wa namna hiyo. Akipata hasara msimu mmoja, msimu wa pili anaukosa. Kwa hiyo funzo sahihi kwetu ni kwamba anayevuka mwaka mbaya ni yule aliyejiwekea akiba au aliye ndani ya chombo chenye akiba. Ndiyo maana sichoki kusema kuwa kikundi kisicho na mfuko wa dharura hakijawa kikundi cha biashara.

Wauzaji watatu, wanunuzi mamilioni

HBM inayotumika kwenye chipu bora za akili mnemba hutoka kwa kampuni tatu: SK Hynix, Samsung na Micron. Hizohizo tatu ndizo zinazoshika pia sehemu kubwa ya soko la kumbukumbu za kawaida. Wauzaji wakiwa wachache na bidhaa ikiwa haba, wao ndio wanaopanga masharti. Wanauza mavuno kabla ya kupanda, kwa mkataba, na mnunuzi anashukuru kupata.

Linganisha na sisi. Sisi ni wauzaji mamilioni na wanunuzi wetu ni wachache. Wakulima wa mbaazi wa Lindi, Mtwara na Manyara hawatausahau mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi nchini mwake. Uamuzi ulitoka New Delhi mwezi Agosti, mzigo ukiwa mikononi mwa wakulima, na bei ikaporomoka kiasi kwamba kwa wengi haikurudisha hata gharama ya kuvuna. Hakukuwa na mkataba wa kumlinda yeyote.

Sisemi tuige kila kitu cha wenye chipu. Ikumbukwe kuwa mwaka 2005 Samsung na Hynix zilikiri nchini Marekani kosa la kupanga bei ya kumbukumbu kwa siri pamoja na wenzao. Samsung ilikubali faini ya dola milioni 300 na Hynix dola milioni 185. Sidai kwamba kupanda kwa bei kwa mwaka 2025 kulitokana na hila kama hiyo, kwa kuwa uhaba wenyewe unaeleweka na nimeueleza. Ninachosema ni kwamba soko la watu watatu linahitaji macho, na ushirika wa wakulima unaouza pamoja kwa uwazi, kwenye mnada, ni kitu tofauti kabisa na njama za chumbani.

Kinachofaa kuigwa ni viwili. Kwanza, mkataba wa kabla ya msimu unaotaja kiasi, daraja la ubora na namna ya kupata bei. Mkataba wa namna hiyo haupatikani kwa mkulima mmoja mwenye gunia sita, ila kwa chama chenye ghala na mizani inayoaminika. Pili, mgawanyo wa faida. Septemba 2025 wafanyakazi wa SK Hynix na uongozi wao walikubaliana kuwa asilimia 10 ya faida ya uendeshaji igawiwe wafanyakazi. Kiwango kinajulikana kabla ya faida kupatikana. Ni vyama vingapi vya msingi vya wakulima wetu ambavyo mwanachama anaweza kukuambia, kabla ya msimu, ni asilimia ngapi ya ziada itamrudia?

Mpunga uliobaki mlangoni

Makao makuu ya SK Hynix yako katika mji wa Icheon, kusini-mashariki mwa Seoul. Wakorea wengi walilijua jina la Icheon kwa mchele kabla ya chipu. Inaelezwa kuwa mchele wa huko ulipelekwa kwa wafalme wa zamani, na hadi leo mji hufanya sherehe ya mchele kila mwaka wakati wa mavuno. Kiwanda kimoja cha teknolojia ya juu kabisa duniani kimekaa jirani na mashamba ya mpunga, na jina la mchele bado linauza.

Sisi tuna mchele wa Kyela, wenye jina na harufu yake. Lakini nenda soko lolote kubwa uone ni magunia mangapi yameandikwa Kyela na hayajawahi kuliona Ziwa Nyasa. Jina la bidhaa ni mali kama shamba. Lisipolindwa na wenyewe, atalila mwingine.

Liko pia jambo linaloiunganisha nchi yetu moja kwa moja na viwanda hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwepo kwa gesi ya heliamu katika bonde la Rukwa. Wengi tunaijua heliamu kwa maputo ya sherehe, lakini viwanda vya chipu huitumia kupoza sahani za silikoni wakati wa kuchonga. Hatutajenga kiwanda cha chipu kesho. Hata hivyo, anayekaa mezani kujadili gesi hiyo kwa niaba yetu anapaswa kujua kwamba mnunuzi wa mwisho ni tajiri na ana haraka. Anayejua haraka ya mnunuzi hauzi kwa bei ya hofu.

Basi tufanye nini?

Kwa wafanyabiashara wa simu, ushauri wangu wa kwanza ni kutokukopa ili kujaza duka kwa kuwa bei inapanda. Viwanda vipya huchukua miaka. Kwa mfano, kiwanda ambacho SK Hynix ilitangaza Aprili 2024 kukijenga Indiana, Marekani, kilipangwa kuanza uzalishaji mwaka 2028. Kwa hiyo sitarajii bei kushuka upesi. Lakini biashara ya kumbukumbu ina tabia ya vitunguu: bei ikipanda kila mmoja hupanda, na siku mavuno yote yakifika sokoni bei haishuki, huanguka. Hakuna ajuaye siku hiyo. Ukikutwa na mzigo wa mkopo ulionunuliwa kwenye kilele, duka litakwenda nao. Nunua kidogo kidogo, zungusha haraka.

Ushauri wa pili ni uaminifu wa ujazo. Uhaba huzaa udanganyifu. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa kadi ya kumbukumbu iliyoandikwa gigabaiti 128, kumbe ilishika nane tu, na nilipoteza takwimu za utafiti wa wiki mbili kijijini. Tangu siku hiyo sijarudi kwenye duka lile wala kumwelekeza mtu. Mfanyabiashara anayemwonyesha mteja ujazo halisi kabla ya kupokea fedha atauza hata bei ikiwa juu.

Kwa wakulima na vikundi, nunueni simu kwa kazi yake, si kwa namba iliyochapwa kwenye boksi. Simu ya kupokea malipo, kupiga picha za risiti na kuandika hesabu haihitaji ujazo mkubwa. Mpelekeeni fundi simu ya zamani kabla ya kuitupa. Na daftari lisife. Hesabu za kikundi ziwe mahali pawili, kwenye simu na kwenye karatasi, kwa sababu mfereji haubagui.

Kwa Tume ya Ushindani, mjadala wa bei usiachwe kwa muuzaji na mteja peke yao. Bei ya kumbukumbu ikipanda huko nje ni haki simu kupanda hapa. Lakini waagizaji wakubwa wakipandisha mzigo walioununua kwa bei ya zamani, au wote kwa pamoja siku moja, kuna maswali ya kuuliza.

Mwisho ni kwa wataalamu wenzangu tunaobuni huduma za simu kwa ajili ya wakulima. Wapo watakaosema namsema vibaya mgeni anayetuletea neema, maana akili mnemba inaweza kumsaidia mkulima. Nakubali. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya IITA, hutambua magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu, tena bila mtandao. Hiyo ndiyo akili mnemba ninayoitaka, inayofanya kazi kwenye simu ambayo mkulima tayari anayo. Lakini nyingi ya huduma zinazozinduliwa kwa mbwembwe mahotelini hudai simu mpya, yenye nafasi kubwa. Kila hatua kama hiyo sasa ina bei, na bei hiyo inapangwa Icheon. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilifanya kazi kwenye simu ya vibonye, na ndiyo maana ilifika kijijini. Huduma isiyoweza kufanya kazi kwenye simu ndogo haijatengenezwa kwa ajili ya mkulima, hata kama picha yake imewekwa kwenye bango.

Wanakikundi wa Ruaha Mbuyuni walifikia uamuzi kabla sijaondoka. Walinunua simu yenye nusu ya ujazo wa ile ya kwanza kwa Sh 240,000. Zilizobaki, Sh 40,000, zilikwenda kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu na mwanzo wa mfuko wa dharura. Majina ya waliokopa mbolea yanakusanywa upya, nyumba kwa nyumba. Kati ya waliotajwa hadi siku niliyoondoka, wawili walisema hawakumbuki kukopa.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.